Filta ya Bluu na Pikapu ya Mama Maria

Jumatano, 6 Agosti

Nimekasirika. Naomba radhi kulifungua daftari jipya kwa neno hilo. Bruda Anselmi, aliyenifundisha mwandiko na adabu katika shule ya misheni, alikuwa akisema muungwana huandika hasira yake kwa penseli ili aweze kuifuta. Naandika kwa wino.

Leo baada ya misa Padri Tebau alinivuta kando. Alianza kwa kunipongeza kwa umri wangu. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Akasema sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria ni Ijumaa ya wiki ijayo, kama nijuavyo. Kama nijuavyo! Miaka kumi na tisa sanamu ya Mama Maria imepita katika barabara ya kisiwa chetu cha Tarawa juu ya pikapu yangu na si ya mtu mwingine. Marehemu mke wangu, Akeneta, ndiye aliyekaa nyuma akiishika isianguke, hadi miaka mitatu iliyopita alipoitwa yeye mwenyewe.

Akaendelea. Mwaka jana pikapu ilidondosha oili njia nzima, na masista waliotembea nyuma yake walirudi na madoa kwenye kanzu zao nyeupe. Sista Verena ametumia sabuni. Ametumia ndimu. Ametumia novena. Madoa bado yapo.

Hukumu ikatolewa. Padri atakuja kuikagua pikapu Alhamisi ijayo, mkesha wa sikukuu. Likionekana tone moja chini, Mama Maria atapanda pikapu ya Nawere.

Ya Nawere! Kaka wa marehemu mke wangu! Pikapu yake imeshuka melini mwezi Mei, nyeupe, milango minne, viti bado vimevaa nailoni. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu akijifanya anasoma tangazo la bingo. Alipolisikia jina lake akakohoa. Ni kikohozi cha furaha. Nimekifahamu kwa miaka arobaini na nne.

Nilimshukuru Padri. Nilimshukuru mara tatu. Nilipofika nyumbani niliipiga ndoo teke. Ndoo haikuwa na kosa, nami nasikitika.

Jioni fundi Rube alilala chini ya pikapu kwa dakika mbili akatoka anacheka. Alisema, “Filta tu, mzee. Filta ya oili. Chumvi imeila mpaka imetoboka, na namba yake imeliwa vilevile. Funga nyingine, maneno yaishe.” Aliuliza ilifungwa lini. Nikahesabu. Mwaka ule aliofariki Akeneta. Mambo ya filta alikuwa akiyashughulikia yeye. Kila Julai filta mpya ilikuwa juu ya meza, pembeni ya mkate. Sikuwahi kuuliza inatoka wapi, kama ambavyo sikuwahi kuuliza mkate unatoka wapi.

Filta tu! Jambo dogo kabisa. Kesho litakuwa limekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilikwenda duka la vipuri la mama mmoja, Nei Katokita, kijijini Bikenibeu. Nilivaa shati la mikono mirefu. Nilimwambia kwa lugha ya staha kwamba ninahitaji filta ya oili ya pikapu yangu, na kwamba namwomba radhi kwa kumsumbua.

Akauliza gari la mwaka gani. Nilimwambia lilishuka melini mwaka tulioadhimisha jubilei ya fedha ya ndoa yetu. Akasema, “Hongera. Lakini mashine haikualikwa kwenye jubilei, mzee. Imetengenezwa mwaka gani? Injini namba ngapi?”

Hati za gari zimeandikwa Kijapani. Niliwahi kuamini ni baraka fulani.

Akasema basi nilete ile ya zamani ailinganishe kwa macho, unene, urefu na hesi, ile mifereji ya mdomoni, maana filta hufungwa kwa kuzungushwa na hesi zisipokubaliana ni kazi bure. Yaani mimi, msomaji wa somo la kwanza kanisani, nipite mbele ya wazee wenzangu nimebeba kopo linalochuruzika oili nyeusi! Nilimjibu kwamba gari langu nalifahamu. Nikaitazama rafu. Zilikuwepo nyeusi, nyeupe, za rangi ya chungwa, na moja ya bluu. Bluu halisi ya joho la Mama Maria. Nikaionyesha kwa mkono wazi, si kwa kidole.

“Mzee Kautuna,” alisema, na wateja wawili wakageuka, “filta haichaguliwi kwa rangi. Hili si shada la kichwani.”

Nilimshukuru kwa ushauri wake. Nikainunua ya bluu. Mwanamke yule anahitaji kusali zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Ni ndefu mno. Nusu kidole! Imefungika vizuri, imekaa kama malkia, lakini ukikata kona fimbo ya usukani inaigonga kwenye tako. Nilikata kona moja tu. Ilitoa sauti ya kengele. Imebonyea, ina bonde sasa.

Nilirudi dukani. Nilimwomba radhi Nei Katokita kwa kipindi kirefu kiasi kwamba alinisihi niache. Alikataa kuipokea yenye bonde, na kwa haki. Akanipa nyeusi, fupi, akisema hii ni kwa kukisia, na akarudia kwamba niilete ya zamani. Nilimwahidi kulifikiria shauri hilo. Sikulifikiria.

Nyeusi iliingia kwa mizunguko miwili ikagoma. Nikaisukuma. Ikagoma. Nikavua mkanda wangu wa ngozi, nikauzungusha kwenye filta ili nipate nguvu ya kuikaza, nikavuta kwa hasira zote za wiki hii. Mkanda huo ndio uliokuwa umeshikilia nguo yangu ya kiunoni. Kwaya ya akina mama ilikuwa ikipita kuelekea mazoezini. Waliendelea kuimba, kwa heshima, lakini sauti ya pili ilikosea.

Naomba radhi kwa kwaya. Naomba radhi kwa kila mtu isipokuwa Nawere, aliyekuwa akipita na pikapu yake polepole kuliko kawaida, kioo kimeshushwa, akauliza, “Vipi shemeji, unalivua nguo gari au gari linakuvua wewe?”

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya kuliko zote.

Rube aliitoa ile nyeusi akanionyesha hesi zake, kisha hesi za kwenye injini. Alisema, “Unaona? Unene uleule, lakini hesi za huku zimebanana, za huku zimeachana. Hazitaoana hata Padri akizifungisha. Ungevuta tena kidogo ungeharibu injini.” Akairudisha kwa muda ile ya zamani, akaguna. Kisha akasema neno lililonikalisha chini: kwamba hata kwa vitabu vyote vya Nei Katokita nisingeipata, maana injini hii siyo iliyokuja na gari.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba aape. Akasema fundi haapi akiwa na oili mikononi.

Ni hivi. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuwa kisiwa cha Nonouti miezi mitatu tukijenga kanisa. Injini ya kwanza ilikuwa imekwisha kuungua kwa kukosa oili. Kijiti cha kupimia oili hakikuwepo mahali pake. (Nakikumbuka kijiti hicho. Nilikuwa nikikitumia kukorogea rangi. Ni kijiti kizuri sana.) Akeneta hakuniandikia neno. Alifunga safari kwa miguu akaenda kwa kaka yake, ambaye gari lake kuukuu lilikuwa limeoza bodi likabaki na injini nzima, akaketi mbele yake, akaomba injini. Aliomba kwa bubuti.

Na bubuti haikatalwi. Hapa kwetu mtu akikuomba uso kwa uso kwa neno hilo, unatoa, na kama hukutoa basi utafute kisiwa kingine cha kuishi. Nawere akatoa. Rube akaifunga. Na kila Julai tangu hapo Akeneta alirudi kwa kaka yake akaomba filta, kwa sababu Nawere alikuwa ameagiza boksi zima la filta za injini hiyo kabla gari lake halijafa.

“Mama alituapisha,” alisema Rube, ambaye kumbe akitaka huapa. “Alisema, mzee akijua ataumia.”

Kwa hiyo miaka minane mke wangu alimshikilia Mama Maria, na mimi nikashika usukani nikiwapungia watu mkono, na mle ndani kilichokuwa kikinguruma ni kitu cha Nawere! Na miaka mitatu baada yake, vilevile! Alikuwa anajua. Kila alipokohoa alikuwa anajua.

Rube anasema Nawere anazo filta tatu zilizobaki, kwenye kopo la biskuti. Meli ya mizigo inaingia tarehe ishirini na tatu. Sikukuu ni tarehe kumi na tano.

Sitamwomba. Akeneta, unisamehe. Sitamwomba.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepata njia ya kiungwana. Sitaomba. Nitamfanya ajisikie vibaya mpaka atoe mwenyewe.

Baada ya misa nilikwenda kwake na sahani ya babai, gimbi letu la shimoni, iliyopondwa kwa tui, aliyoipika binti yangu Boreta. Nilizungumza kwa mapana kuhusu vitu vinavyojaza nyumba bila faida. Nilitaja makopo. Nilitaja hasa makopo ya biskuti. Nilisema Bruda Anselmi alitufundisha kwamba mwenye vitu vitatu asivyovihitaji amewaibia watatu.

Nawere alisikiliza akitikisa kichwa kwa huzuni. Akasema, “Kweli kabisa, shemeji. Umenigusa.” Akaingia ndani. Moyo wangu ukaruka. Akatoka na jodari mzima, mkubwa kuliko mtoto wa kipaimara, akaniwekea magotini.

Nililazimika kumshukuru.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilirudi na mikeka miwili ili kulipa jodari. Nilisifu makopo waziwazi.

Nimerudi na nguruwe. Yu hai. Amekula maua ya Akeneta.

Jumanne, 12 Agosti

Boreta amekataa kupika chochote cha kupeleka kwa mjomba wake. Amesema, “Baba, mwombe tu. Ni filta, si figo.” Nilimweleza kwamba kuna mambo ambayo mtu wa umri wangu hawezi kuyafanya. Akauliza kama kuvuliwa nguo na gari ni mojawapo ya yale anayoweza. Mtoto niliyemsomesha!

Lakini jioni, nguruwe akiwa anakoroma, nilipata mwanga. Naona aibu kwamba ulinichukua siku tatu.

Kosa la Akeneta, Mungu amrehemu, lilikuwa kuomba faraghani. Ukiomba faraghani, mtoaji anabaki na siri, na siri inamnenepesha. Kesho jioni wazee wote wanakutana kwenye maneaba, ukumbi wetu wa mikutano, kupanga sikukuu. Nitasimama chini ya paa lile, mbele ya kila ukoo ukiwa mahali pake, nitamwomba Nawere filta kwa bubuti kamili, kwa maneno ya kale, kwa adabu isiyo na ufa. Hataweza kukataa. Hataweza kukohoa. Itabidi anyanyuke, aende nyumbani kwake, arudi amebeba mikononi mwake kile kitakachomnyima sikukuu yake. Mbele ya watu! Atatoa kamba ajifunge mwenyewe.

Nilimsomea Boreta hotuba. Kurasa nne. Akasema, “Baba, mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo.” Nikamwambia mithali ni nzuri lakini hotuba ni nzuri zaidi.

Nitalala vizuri baada ya kuiandika. Nitatabasamu gizani.

Jumatano, 13 Agosti

Nilifika wa kwanza. Nilikaa mahali pa ukoo wetu, miguu nimeikunja, shati jeupe. Padri Tebau alikuwepo. Nawere aliketi upande wa mashariki akila karanga.

Nilipopewa nafasi nilisema kurasa zote nne. Nilianza na salamu kwa wazee, kwa akina mama, kwa mababu waliosimamisha nguzo. Niliomba radhi kwa kusema. Niliomba radhi kwa kurefusha. Kisha nikamgeukia nikasema, mbele ya wote: Nawere, kaka wa mke wangu, bubuti yangu kwako ni filta ya oili.

Niliona karanga ikisimama njiani kuelekea mdomoni.

Kisha akatabasamu. Hakwenda nyumbani. Aliingiza mkono kwenye kikapu kilichokuwa pembeni yake akatoa kopo la biskuti. Alikuwa amekuja nalo! Akasema, “Shemeji, tangu Jumapili nangoja uniombe. Nilidhani nitaishiwa mifugo.” Maneaba nzima ikaangua kicheko. Bibi Teiti, mwenye miaka tisini, aligonga mkeka kwa kiganja. Akanikabidhi zote tatu, mikono miwili, kichwa ameinamisha. Siwezi kumlaumu kwa lolote katika namna alivyotoa. Hilo lilinichoma zaidi.

Nilishukuru. Nikadhani tumemaliza. Lakini Nawere hakuketi.

Akasema naye ana ombi dogo, maadamu shemeji yake amefungua mlango. Akasema kwa sauti ya chini, nasi sote tukalazimika kuinamia mbele. Kwamba amenunua gari na bado halijabeba kitu cha maana. Kwamba dada yake alikaa nyuma ya pikapu yangu miaka kumi na sita akimshikilia Mama Maria, na yeye kila mwaka alitembea kwa miguu akimtazama. Kwamba bubuti yake kwangu ni hii: mwaka huu, Mama Maria apande kwake.

Nilimtazama Padri. Padri alikuwa anatazama dari kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa imejaa filta.

Mtu hawezi kukataa. Mtu aliyetoka kuomba, chini ya paa hilo hilo, kwa kurasa nne, hawezi kukataa.

Nilisema ni heshima kwangu. Niliomba radhi kwa kutoitoa nafasi hiyo mapema.

Boreta alinifuata njiani gizani hatua mbili nyuma. Tulipofika mlangoni akasema, “Panya.” Tamko hilo moja tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Sina tena haja ya filta. Nimeifunga hata hivyo. Kwa hasira.

Rube alijitolea kunisaidia, nikamwambia asante, mikono ninayo. Akasema nipake oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, nikaze kwa mkono tu, na kabla ya yote nihakikishe… Sikusubiri kabla ya yote. Niliitoa ya zamani. Niliifunga mpya. Iliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake, hesi kwa hesi, ya Nawere kwa ya Nawere, nikachukia jinsi ilivyoingia vizuri.

Padri Tebau alifika saa kumi. Si kukagua, alisema, bali kunitembelea tu. Alivaa kanzu nyeupe. Aliinama atazame. Nilitaka ashuhudie alichokipoteza. Nikawasha.

Oili ilimwagika yote. Si tone, si mchirizi. Mto! Kumbe mpira wa filta ya zamani ulibaki umegandia kwenye injini, nami nikafunga mpya juu yake. Mipira miwili haishikani. Hilo ndilo lililokuwa “kabla ya yote”. Oili ilipita chini ya gari ikafika kwa Padri kabla hajainuka. Nguruwe alikimbia. Padri hakukimbia, kwa sababu ya cheo chake.

Nilimwomba radhi kwa Kiingereza, kwa Kilatini, na kwa lugha yetu. Akasema, “Hapana neno, mzee. Sista Verena atanipa ndimu.”

Rube alikuja akabandua mpira wa zamani kwa kucha, akafunga filta ya pili, akamimina oili mpya. Tulisubiri saa nzima nikiwa nimeweka karatasi nyeupe chini. Injini iliendelea kunguruma. Karatasi ilibaki nyeupe kama ilivyotoka daftarini.

Hakuna hata tone. Pikapu haijawahi kuwa nzima namna hii. Kesho itabeba viti vya plastiki.

Ijumaa, 15 Agosti. Sikukuu ya Kupalizwa

Niliamka nimeazimia kuumwa. Boreta alinivisha shati.

Pikapu ya Nawere ilikuwa mbele ya kanisa, imefunikwa maua mpaka kwenye vioo. Nailoni ya viti ilikuwa imetolewa. Mama Maria alikuwa amekwisha kupandishwa. Niliketi kwenye usukani wa yangu, nyuma kabisa ya maandamano, viti mia na spika moja mgongoni. Niliwapungia watu mkono kwa mazoea. Hawakuwa wakinitazama mimi.

Kisha Nawere akaja kwa miguu, maandamano yote yakimngoja. Akafungua mlango wangu. Alisema, “Shemeji, nani amshike? Mimi naendesha. Nafasi ya dada yangu iko wazi. Boreta aendeshe viti.” Nikamwambia kwa upole kwamba nina wajibu wa viti. Akasema, “Usinifanye niseme lile neno mbele ya masista.”

Nikapanda. Nilikaa pale alipokuwa akikaa. Sikuwahi kukaa nyuma. Miaka yote nilikuwa mbele. Ukiwa nyuma unawaona watu wote wanaokuja. Unaona ziwa upande mmoja na bahari upande mwingine, na nyuso za waimbaji, na unamwona kila mtoto anayejikwaa. Kumbe alikuwa akiyaona haya yote! Na mkono wa sanamu una mahali palipobanduka rangi, panatosha vidole vinne. Vidole vya mwanamke. Vyangu vilibana.

Kwenye daraja Nawere alitoa kichwa dirishani akasema, bila kugeuka, kwamba kila Julai dada yake akija kuchukua filta alikuwa akimwambia, “Usimwambie. Mwache aendeshe, anafurahi sana anapopunga mkono.”

Machozi yalinitoka. Ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na barabara ilikuwa imeloa, kwa hiyo labda ni moshi. Pikapu ya Nawere haitoi moshi. Sijui ilikuwa nini.

Masista wamerudi weupe.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekasirika upya, na naona fahari kusema kwamba nimepumzika vya kutosha kwa kazi hiyo.

Nimelichunguza jambo lote kwa utulivu. Mpango wangu haukuwa na kasoro. Maneaba ilikuwa mahali sahihi, hotuba ilikuwa sahihi, bubuti ilifanya kazi kama inavyotakiwa. Kosa lilikuwa moja tu: niliomba kitu kidogo mno! Filta! Mtu akisimama mbele ya wazee akaomba filta, anastahili kilichompata.

Wazee wanakutana tena Jumatano, tarehe tatu Septemba. Nitasimama. Nitasema salamu. Nami nitamwomba Nawere, kaka wa mke wangu, kwa bubuti kamili, pikapu yake nyeupe yenye milango minne. Hawezi kukataa. Na sikukuu ijayo Mama Maria atapanda kwangu, na Nawere, nikipenda, nitamkaribisha nyuma.

Boreta ameuliza: na yeye akisimama baada yangu akaomba nyumba? Nimecheka. Nawere hana akili hiyo. Hotuba imefika ukurasa wa sita.

Nimejiandaa hata kwa vipuri, ili nisiaibike tena mbele ya Nei Katokita. Ile filta ya bluu ninayo bado, na bonde lake halionekani ukiigeuzia ukutani. Pikapu ni nyeupe. Bluu juu ya nyeupe ndizo rangi za Mama Maria mwenyewe.

Haiwezi kukosa kuingia.